Mahali pa Kukatikia

Mvuvi ninayeandika habari zake ni mzee wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambaye amevua kwa mshipi tangu utotoni na sasa huwatengenezea mishipi vijana wa pwani yake. Kabla hajagusa uzi wowote hutaka kujua mambo matatu: anakwenda kuvuliwa samaki gani, chini ya maji kuna nini, na maji siku hiyo yana nguvu kiasi gani. Kijana akifika na haraka zake, akaomba uzi mgumu kuliko wote, mzee humuuliza, "Wa samaki gani, mwanangu?" kisha huinamia kazi yake na kungoja jibu.

Nami nimejifunza kungoja pale barazani pake. Watu wengi huihesabu kazi hii kuwa maandalizi tu, wakiamini uvuvi wenyewe uko baharini. Kwa maoni yangu, nusu ya uvuvi wa mshipi humalizika nchi kavu, mikononi mwa mtu aliyeketi mkekani huku kisu, koleo na kopo la maji viko mbele yake.

Jibu la swali lake limo kinywani mwa samaki. Changu ana meno ya mbele yaliyochongoka na, nyuma yake, magego ya kusagia kaa na chaza. Uzi ukiingia kwenye magego hukwanguliwa, ila haukatiki papo hapo. Chewa ana kinywa kipana chenye vijino vingi vidogo, lakini anachotegemea zaidi ni pango lake: akishameza chambo hurudi shimoni, akatanua mashavu, na uzi ukabaki kusuguana na jiwe. Kolekole hana jino la kukata, ila ana mbio za kuzungukia matumbawe. Jodari ana meno madogo na macho makali mno. Akiona uzi mnene mbele ya chambo hugeuka. Halafu kuna nguru na mzia. Meno yao ni bapa na yana makali, na nailoni ya unene wowote huwa kazi ndogo kwao. Kwa hao wawili mzee hajisumbui na uzi. Mkono wake huenda moja kwa moja kwenye waya.

Uzi wake wa kila siku ni nailoni ya uzi mmoja, usiosukwa, ule unaouzwa ukiwa umeandikwa unene wake kwa milimita. Kwa changu hupenda 0.60, ambao ukiwa mpya hubeba kilo 18 hadi 20 hivi. Kwa samaki wakubwa wa mwambani huchukua 1.00, wenye kubeba karibu kilo 45. Mtu wa fimbo na gurudumu angeuona unene huo umezidi, lakini mshipi huu huvutwa kwa mikono mitupu, na uzi mwembamba wenye samaki wa kilo 10 upande wa pili hukata vidole mpaka nyama.

Anavyoukagua ni jambo la kutazamwa kwa makini. Huchomoa pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akaishika kati ya kidole gumba na cha shahada na kuivuta polepole, macho yakiwa yametazama pengine. Anakisikiliza kidole chake. Uzi mzuri una unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho; uzi mbaya una mahali unaponenepa na mahali unapokonda, na pale ulipokonda ndipo kilo zote zilizoandikwa huishia. Baadaye huupitisha kati ya midomo, maana mdomo huhisi mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakiuoni tena. Mwisho hufunga fundo moja la kawaida katikati ya pima ile na kuuvuta kwa mkupuo. Fundo la namna hiyo huondoa karibu nusu ya nguvu ya nailoni, naye analijua hilo; anachotazama ni namna unavyokatika. Ukinyumbuka kwanza kisha ukakatika, anaununua. Ukikatika ghafla bila kunyumbuka, ujue umekaa mno juani kwenye kabati la duka, na mwanga wa jua umeshaula kutoka ndani.

Babu zake hawakuwa na nailoni. Ilitengenezwa mwaka 1935 na mkemia Wallace Carothers katika maabara ya DuPont kule Marekani, na ilichukua miaka mingi kufika kwenye ngalawa za pwani hii. Kabla yake mishipi ilisokotwa kwa pamba, ikalowekwa katika maji ya magome ya mikoko ili isioze, na ilipaswa kuanikwa kila baada ya safari. Nailoni haiozi, wala haihitaji magome. Ina tabia zake nyingine, na mzee amezijua zote kwa mikono kabla ya mtu yeyote kumweleza sababu zake.

Tabia ya kwanza ni kumbukumbu. Uzi uliokaa miezi kwenye kibunda hutoka ukiwa umejikunja pete pete, na mshipi wa pete pete hausemi ukweli: samaki akionja chambo, pete hunyooka kwanza na mkono usijue kitu. Kwa hiyo huufunga mwanzo wake kwenye mnazi, akautembeza hadi mnazi wa pili na kurudi, akaukaza kidogo na kuuacha usiku kucha katika umande. Asubuhi unakuwa umenyooka. Nailoni hunywa maji, na ikishayanywa hulainika na kupoteza sehemu ndogo ya nguvu zake. Ndiyo maana hupima mshipi ukiwa umelowa, jinsi utakavyokuwa kazini.

Tabia ya pili ni kunyumbuka. Nailoni nzuri hurefuka sana kabla ya kukatika, hata kufikia robo ya urefu wake, na mnyumbuko huo humsaidia mvuvi wa mkono pale jodari anapoondoka na pima ishirini kwa mara moja. Lakini kwenye kina kirefu mnyumbuko uleule huficha mguso wa changu mdogo. Hakuna uzi unaotoa yote mawili, na mzee hachoki kuwaambia vijana hivyo.

Baada ya uzi huja maji. Siku za bamvua mkondo una nguvu, na mkondo husukuma uzi kwa unene wake wote, kuanzia juu hadi chini. Mshipi wa 1.00 katika pima thelathini za maji ya bamvua hupinda ukaondoka na mkondo, chubwi, yaani uzito unaouzamisha, likachukuliwa mbali na mahali palipokusudiwa. Wengi huongeza uzito wa chubwi. Yeye hupunguza kwanza unene wa uzi, kwa sababu uzi mwembamba huyakata maji, na chubwi dogo likatosha, na mkono ukahisi zaidi. Maji mafu yakifika hurudi kwenye uzi mnene. Ana mishipi kadhaa iliyokunjwa kwenye vibao, na sikuwahi kumwona akikosea kuchagua kibao, ingawa havina alama yoyote.

Sasa nifike kwenye kipande cha mbele, kile kinachokaribia ndoana, maana hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Mgeni angedhani kipande hiki hutakiwa kiwe kigumu kuliko vyote. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tazama mshipi anaoutengeneza kwa kuvulia changu juu ya miamba. Mshipi mkuu ni 0.60. Mwisho wake hufunga chubwi, na chubwi lenyewe halifungwi kwa mshipi mkuu, hufungwa kwa kipisi cha uzi wa 0.40, chenye urefu wa shibiri moja. Juu ya hapo, kwa nafasi ya mikono miwili miwili, hutoa matawi mawili ya uzi wa 0.50, kila tawi na ndoana yake. Kila unene una sababu. Chubwi likinasa mwambani, uzi wa 0.40 ndio utakaokatika, na ndoana mbili zitarudi pamoja na mshipi wote. Ndoana ikinasa, tawi lake litakatika na tawi la pili litabaki. Hata akija samaki asiyeweza kuzuilika, ataondoka na ndoana moja na mkono mmoja wa uzi, hataondoka na pima themanini. Mzee anajua kwamba mshipi utakatika tu, leo au kesho, na kwa hiyo huchagua yeye mwenyewe mahali pa kukatikia. Mimi nimeona kazi nyingi za mikono katika maisha yangu, na chache sana ambamo udhaifu umepangwa kwa uangalifu namna hii.

Ndoana zake nyingine hazina tundu; zina bapa tu kichwani. Kuzifunga ni kazi ya subira. Huulaza uzi sambamba na shina la ndoana, akaurudisha ukawa kitanzi, kisha akazungusha kitanzi kile juu ya shina na uzi wenyewe, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukigusana na jirani yake bila kumpanda. Huzungusha mara saba. Mizunguko ikipandana, mmoja utamkata mwenziwe siku ya kazi. Ikikamilika huitia mate. Mate haya yana maana kubwa: nailoni kavu ikikazwa kwa kasi husuguana na kupata joto, na joto huidhoofisha palepale fundoni, mahali ambapo jicho haliwezi kuona. Basi hulowesha, akavuta polepole, akasimama, akaisawazisha mizunguko kwa ukucha, akavuta tena. Ikishakaza hunasa ndoana kwenye msumari wa nguzo na kuipa uzito wa mwili wake. Fundo likiteleza hata kidogo, hulikata lote na kuanza upya. Hajawahi kurekebisha fundo mbele yangu. Hulikata.

Waya wa nguru ndio ulionifanya nisogeze mkeka karibu. Ni waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, na yeye hukata shibiri mbili na ziada kidogo ya kufungia. Huupitisha kwenye tundu la ndoana, akaukunja, akaibana ndoana kwa koleo. Hapo mafundi wengi huchukua ncha fupi wakaizungushia waya mrefu, nao hubaki umenyooka. Yeye hazungushi hivyo. Hushika waya zote mbili, zikiwa zimetanuka kwa pembe sawa, akazisokota pamoja ili kila mmoja umzunguke mwenzake. Mara nne, mara tano, taratibu, akitazama pembe isipungue upande wowote. Waya ulionyooka wenye mwenzake aliyeuzungukia huteleza chini ya uzito, na fundo likafunguka. Waya zilizosokotana haziwezi kuachana bila zote mbili kukunjuka.

Kisha huisimamisha ncha fupi wima na kuizungusha mara tano au sita kwa kubanana, mizunguko ikae kitako kimoja. Inabaki ncha ya inchi mbili hivi. Haikati kwa koleo. Huikunja iwe mpini mdogo, akauzungusha mpini huo mbele na nyuma, na waya ukavunjika kwenye mzizi wake. Aliniambia nipitishe kidole. Nilipitisha, kwanza cha mkono wa kulia, kisha ukucha. Hapakuwa na kitu cha kukwama. Waya uliokatwa kwa koleo huacha mwiba mdogo, na mwiba huo utamchana mvuvi kiganja siku atakapoushika waya ili ampandishe nguru chomboni.

Kwenye ncha ya pili ya waya hutia kipete cha chuma kinachozunguka, na hapo ndipo nailoni hufungwa. Nguru akivutwa nyuma ya chombo hujizungusha, na bila kipete hicho mshipi wote ungejisokota usifae tena.

Nimewahi kutazama kazi ya fundi mwenzake katika bandari nyingine. Watamu na Shimoni, pwani ya Kenya, ziko boti zinazowachukua wageni kwenda kuvua sulisuli na nduaro kwa fimbo. Mshipi wao hugawanywa kwa madaraja ya nguvu, kilo 24, kilo 37, kilo 60, chini ya kanuni za shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939. Kanuni hizo zinataja hata urefu wa kipande cha mbele: kwa mishipi mizito baharini kisizidi mita 9.14. Kwa nduaro hutumika nailoni nene, ya milimita 1.80 hivi, yenye kubeba karibu kilo 180, hata pale mshipi mkuu unapobeba kilo 37 tu. Sababu ni mdomo wake mrefu wenye ngozi ya kukwaruza, na mkia unaoupiga uzi kila anaporuka. Na mwisho wa vita baharia huushika uzi huo kwa glavu na kumleta samaki ubavuni mwa chombo.

Uzi mnene kiasi hicho haukubali fundo. Fundi wa boti niliyemtazama huupitisha kwenye kibomba kidogo cha chuma laini, akaurudisha, akakibana kwa koleo maalumu. Alibana katikati tu. Kingo mbili za kibomba aliziacha wazi, zikatanuka kidogo, kwa sababu kingo zilizobanwa huuma uzi na kuukata. Alinionyesha kibomba kimoja kilichobanwa mpaka mwisho na mtu mwingine, na palikuwa na mchubuko mweupe juu ya nailoni. Alikitupa bila neno.

Boti hizo hutumia pia uzi uliosukwa kwa nyuzi laini za polithini, ulioanza kuenea miaka ya 1990. Kwa nguvu ileile huwa mwembamba kuliko nailoni, haunyumbuki karibu hata kidogo, na mguso wa samaki aliye pima hamsini chini hufika mkononi papo hapo. Mzee wa Kizimkazi aliupima, akausifu, akaurudisha: kwa mshipi wa mkono hukata vidole, na ukisugua jiwe mara moja tu nyuzi zake hufumuka. Hukumu yake naikubali. Uzi huo hauna budi kutanguliwa na kipande cha nailoni au cha florokaboni, nao uungwe kwa fundo ambalo uzi uliosukwa huzungukia ule mnene kwa zamu, kulia na kushoto, mara ishirini na zaidi, mpaka uume na kukaa bapa.

Florokaboni ndiyo inayowafaa wavuvi wa jodari wenye pesa za kutosha. Kampuni ya Kureha ya Japani ilianza kuiuza kwa uvuvi mwaka 1971. Mwanga unapotoka kwenye maji kuingia ndani yake haupindi sana, kwa hiyo huonekana kwa shida kuliko nailoni. Tena ni nzito, huzama haraka, na hainywi maji. Bei yake ni kubwa, na kwa sababu hiyo watu wenye busara hutumia pima mbili za mbele tu.

Maziwani hesabu hubadilika. Katika Ziwa Victoria, sangara hana meno ya kukata. Kinywa chake hukwaruza, na vifuniko vya mashavu yake vina kingo kali zinazochana uzi anapogeuka. Waya hauhitajiki. Kinachohitajika ni kipande cha nailoni nene, nacho kikaguliwe baada ya kila samaki. Sangara hukua kweli: yule wa kumbukumbu ya IGFA, aliyevuliwa Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, alikuwa na kilo 104. Wavuvi wa Mwanza na Ukerewe wanaotega migonzo hufunga mamia ya matawi kama yale ya changu, kila moja na ndoana yake, na kanuni ya mzee wa Kizimkazi inafanya kazi huko bila kubadilishwa: tawi liwe dhaifu kuliko uti wa mgonzo. Maji ya Victoria yana ukungu, hivyo samaki hachambui sana uzi. Ziwa Tanganyika ni jingine. Maji yake ni maangavu mno, na huko wembamba wa kipande cha mbele una thamani ileile unayoikuta kwa jodari. Sato naye, mwenye kinywa kidogo, hutaka uzi wa 0.25 au 0.30 na subira.

Mzee akirudi pwani, hata akiwa amechoka, haukunji mshipi kwanza. Huusuuza kwa maji baridi ya kisima, akauanika kivulini, kisha akazipitisha pima za mwisho kati ya midomo yake. Penye mkwaruzo hukata, na kipande kile hukitia katika mfuko wa plastiki unaoning'inia nyuma ya mlango. Nailoni iliyotupwa baharini hubaki huko miaka na miaka, ikinasa kasa na ndege wasio na hatia.

Nawe ukienda kununua mshipi, usianze na kilo zilizoandikwa. Mtaje samaki unayemtaka, chomoa pima moja, ipitishe midomoni, ifunge fundo, uivute mbele ya mwenye duka. Na ukishavua, kata kipande cha mbele kilichochakaa na urudi nacho nyumbani.